Kutoka Kibuyu cha Mtukuru Mpaka Lipa Namba: Nani Alilipa Bili Singida?

Wiki hii sina umbea wa mastaa. Nina stori ya deni, na deni lenyewe ni langu.

Miaka sita iliyopita, mimi na washkaji watatu tulikaa kwenye baa moja hapa Singida mjini. Jina la baa nalihifadhi. Tulikuwa vijana wa juzijuzi, form four tumemaliza, hela za kuungaunga. Tukaagiza kuku mzima wa kienyeji, ndizi za kuchoma, bia tisa na soda mbili. Dada aliyetuhudumia alikuwa mpole sana, kila mara "karibuni kaka zangu". Bili ilipokuja, mmoja akasema anapokea simu nje. Wa pili akaenda chooni. Wa tatu akamfuata. Mimi nilibaki wa mwisho, nikamwambia dada natoka mara moja kwa wakala nikatoe hela. Sikurudi. Njia nzima mpaka nyumbani tulicheka, tukajiona wajanja wa mji.

Miezi michache baadaye mama yangu mdogo, ambaye alikuwa mhudumu wa baa nyingine, alikuja nyumbani analia. Wateja wamekula, wamekunywa, wamekimbia. Bosi wake amemwambia hela yote inakatwa kwenye mshahara. Mimi niko pale kwenye kochi, sina la kusema.

Tangu siku hiyo nikawa na swali kichwani. Kila siku mitandaoni tunalalamika: huduma mbovu, mhudumu amenuna, bia imechelewa, chenji imeliwa. Sawa, yanatokea. Ila je, zamani ilikuwaje? Mteja wa Singida alianza lini kuitwa bosi, na bosi huyo akikosea nani anamlipia? Nikaanza kuuliza. Nimemuuliza bibi, babu, mjomba, mama mdogo, na vitu vingine nimesoma. Majina ya watu siweki. Ni watu wa kawaida na hawajaomba kuwa maarufu.

KABLA YA BAA KULIKUWA NA MTUKURU

Bibi yangu ni Mnyaturu. Kwake yeye "kutoka out" ni kwenda nyumba fulani ambayo siku hiyo kuna mtukuru. Kwa wageni wa mkoa huu, mtukuru ni pombe yetu ya kienyeji ya nafaka. Kuipika si mchezo. Nafaka inaloweshwa mpaka ichipue, inaanikwa, inasagwa, ndiyo kimea hicho. Inapikwa, inapozwa, inaachwa ichachuke. Ni kazi ya siku kadhaa, na waliokuwa wanaifanya ni wanawake. Kuni wao, maji wao, kukesha wao.

Sasa angalia mteja wa wakati ule. Hana menyu, hana kaunta. Anakaa kwenye gogo au kigoda, kibuyu kinazunguka. Na muuzaji anamjua mpaka babu yake. Nilimuuliza bibi, "Hakuna waliokuwa wanakimbia bila kulipa?" Akanitazama kama mtu aliyepungukiwa. Akasema, "Mjukuu wangu, akimbilie wapi? Kesho anapita hapohapo na ng'ombe zake." Deni lilikuwepo, lakini lilikuwa na uso. Ulikuwa unaweza kulipa kwa debe la uwele, au ukaenda kumlimia. Pia mtukuru wenyewe ulikuwa malipo: mtu anaita majirani waje kumlimia, jioni wanakunywa pamoja.

Kuna Mmarekani mmoja, Harold Schneider, aliyekuja kuishi na kuchunguza maisha ya Wanyaturu, na mwaka 1970 kikatoka kitabu chake, The Wahi Wanyaturu. Mzungu huyo hakuwaona babu zetu kama watu wa mila tu wasiojua hesabu. Aliwaona kama watu wa uchumi kabisa, wanaopiga mahesabu ya nafaka, ng'ombe na mashamba. Nikikumbuka maneno ya bibi namuelewa. Yule mama wa mtukuru alikuwa mfanyabiashara kamili, ila hakuwa na bango barabarani.

Mkoloni alipokuja alileta kitu kipya: kuchagua nani ni mteja wa nini. Kwa muda mrefu wa utawala wa kigeni hapa Tanganyika, pombe kali za Kizungu zilikuwa marufuku kwa Mwafrika. Mzungu anakunywa wiski barazani, Mwafrika anakamatwa nayo. Kwetu sisi zilibaki pombe za kienyeji, nazo zikawekewa leseni na vilabu rasmi ili ushuru ukusanywe. Kiwanda cha bia kilikuwepo Dar es Salaam tangu mwaka 1933, lakini bia ya chupa ilikuwa kitu cha wachache. Kwa hiyo ukiona leo mtu anaweka chupa mezani, lebo imegeukia watu, usimcheke sana. Hiyo chupa ilikuwa na heshima yake tangu zamani. Iliwahi kuwa alama ya nani anaruhusiwa na nani haruhusiwi.

SARANDA, DIRISHA LA TRENI

Ukitaka kujua biashara ya chakula ya kuwahudumia wageni ilianza wapi mkoani kwetu, usianzie Singida mjini. Nenda Saranda, wilaya ya Manyoni.

Reli ya Kati ilijengwa na Wajerumani kuanzia Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Dodoma 1910, Tabora 1912, Kigoma 1914. Yaani kati ya 1910 na 1912 ndipo ilipokatiza kwenye mkoa wetu, ikapita Saranda, Manyoni, Itigi. Na treni ikisimama watu wana njaa.

Kuku wa Saranda hana haja ya matangazo. Muulize mzee yeyote aliyewahi kusafiri kwenda Tabora, Mwanza au Kigoma kwa treni. Atameza mate kwanza ndipo akujibu. Treni inapunguza mwendo, wauzaji wanaanza kukimbia sambamba na mabehewa, masinia kichwani, kuku wazima wamechomwa au kukaangwa, mayai ya kuchemsha, vikombe vya chai. Mteja yuko juu dirishani, muuzaji yuko chini kwenye kokoto. Bei inapatana kwa kupiga kelele.

Babu yangu alipanda treni hiyo mara nyingi ujanani. Anasema pale Saranda ndipo alipojifunza tabia za watu. Kuna abiria anapokea kuku, anajifanya anatafuta hela mfukoni, anatafuta, anatafuta, mpaka treni inaondoka. Muuzaji anakimbia na behewa mpaka pumzi inaisha, analia. Na kuna muuzaji anapokea noti kubwa, anasema "nakuletea chenji", anapotelea gizani. Wote wawili wanajua hawataonana tena. Babu anasema, "Kwa bibi yako deni lilikuwa na uso. Saranda deni lilikuwa na magurudumu."

Hilo neno nimelifikiria sana. Ni hapo biashara yetu ilipobadilika. Mteja akawa mtu asiyejulikana. Anakuja, anakula, anapotea. Uaminifu ukawa wa hiari.

Ila babu hakuacha kusema jambo moja. Anasema kulikuwa na mama mmoja pale ambaye akishindwa kukupa chenji treni ikaondoka, ukirudi baada ya mwezi anakukumbuka, anakuongezea paja. Na kuna abiria waliokuwa wanamrushia hela hata treni ikishaanza kwenda. Hakuna sheria iliyowalazimisha.

Sasa hivi treni ya kisasa ya umeme inakwenda Dar mpaka Dodoma, safari zilianza mwaka 2024, na reli yenyewe inajengwa kuvuka huku kwetu kwenda Tabora. Mwendo wake unafika kilomita 160 kwa saa, na dirisha halifunguki. Mimi nafurahia maendeleo, nitapanda. Lakini kuna mama wa Saranda ambaye kazi yake yote ilikuwa kwenye lile dirisha. Wapangaji wa vituo wakimsahau, tutakula biskuti ndani ya behewa huku kuku wenyewe tunawaona nje wanapita.

WAKATI WA DANSI NA KUTAZAMANA SURUALI

Baada ya uhuru, Singida ikawa mkoa kamili mwaka 1963. Ofisi zikaja, watumishi wakaja, mishahara ya mwisho wa mwezi ikaja. Na mshahara unapokuwepo, kiwanja cha starehe kinafuata. Muziki wa dansi ulikuwa umeshika nchi. Sisi tuko katikati: upande mmoja Tabora na Tabora Jazz yao, huku Morogoro na Cuban Marimba na Morogoro Jazz, Dar ndiyo usiseme. Mashirika ya umma na vyama vilimiliki bendi. NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi tangu 1964, na Mlimani Park, iliyoanzishwa 1978, baadaye ikawa chini ya shirika la maendeleo la jiji la Dar.

Mjomba wangu anasema bendi ikitangazwa kuja mkoani, watu walipiga pasi suruali siku mbili kabla. Tiketi unakata mlangoni, unaingia ukumbini, bia unafuata kaunta. Ukikosa tiketi unacheza nje ya ukuta, muziki ni uleule.

Lakini msidhani zamani mlango ulikuwa huru. Leo tunalalamika mabaunsa wanakataa watu wenye ndala. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ikaanza rasmi Januari 1969, kupinga sketi fupi, mawigi, krimu za kujichubua na suruali za kubana. Mwaka huohuo wa 1969 muziki wa soul ukapigwa marufuku Dar es Salaam. Fikiria, James Brown anakatazwa kwenye kumbi! Waliosumbuliwa zaidi barabarani walikuwa wasichana. Kwa hiyo mtindo wa kumwangalia msichana aliyekaa baa kama vile ana kosa haukuanza juzi na simu. Una historia ndefu, na bado haujaisha.

Halafu kuna sheria ya vileo ya mwaka 1968, iliyoweka mambo ya leseni na saa za kuuza. Kila mara mkuu fulani akitangaza msako wa baa zinazofunguliwa asubuhi, watu wanasema ni amri mpya. Si mpya. Ina umri mkubwa kuliko wazazi wa wengi wenu mnaosoma hapa.

MIAKA AMBAYO MTEJA ALIKUWA ANAOMBA

Hiki kipande mjomba alikisimulia huku anatikisa kichwa.

Mwaka 1978 Idi Amin alivamia Kagera, vita ikaisha 1979, na nchi ikabaki imechoka. Miaka ya mwanzo ya 80 sukari ilikuwa ya kutafuta, sabuni ya kutafuta, bia ndiyo kabisa. Mwaka 1983 serikali chini ya Waziri Mkuu Sokoine ikaendesha msako wa wahujumu uchumi, bidhaa zilizofichwa zikasakwa.

Baa wakati huo mteja hakuwa bosi. Bosi alikuwa mwenye kreti. Ukisikia mzigo umefika unakimbia na chupa yako tupu mkononi, maana bila chupa tupu hakuna kinywaji. Ukifika unakuta zimeisha, kumbe ziko chini ya kaunta kwa ajili ya wakubwa. Mjomba anasema ulikuwa unamsalimia mwenye baa kwa unyenyekevu kuliko unavyomsalimia mkwe. Huulizi kwa nini bia ina ladha ya ajabu. Huulizi kwa nini imechelewa. Unasema ahsante.

Na bia hiyo ilikuwa ya moto. Umeme wa uhakika haukuwepo kila mahali, wengine walikuwa na friji za mafuta ya taa, wengi hawakuwa na friji kabisa. Watu wakazoea. Mpaka leo mhudumu akija mezani swali la kwanza ni "ya moto au ya baridi?" Wageni kutoka nje wanashangaa, wanadhani utani. Mzee akijibu "ya moto" mnamcheka mshamba. Sidhani ni ushamba. Wengi wamezoea tangu wakati ule.

Ndiyo miaka hiyohiyo neno "mama ntilie" lilikolea mijini. Hali ngumu, mishahara haifiki mwisho wa mwezi, akina mama wakatoka na masufuria kando ya barabara. Mteja anasogeza sahani: "Mama, n'tilie." Hakukuwa na neno la kifahari la huduma kwa wateja, lakini mwenye hela ndogo alishiba. Kama unauliza nani aliwalisha vibarua na wanafunzi wa nchi hii, jibu ni huyo.

RUKSA, TELEVISHENI NA DADA WA BAA

Mwaka 1985 akaingia Rais Mwinyi, Mzee Ruksa. Milango ya biashara ikafunguka. Bia za nje zikaingia. Kiwanda cha serikali kilikuwa kimedorora, na mwaka 1993 wawekezaji wa Afrika Kusini wakaingia ubia. Safari ilikuwepo tangu 1977, Kilimanjaro ikaja 1996. Mwaka 1994 televisheni za watu binafsi zikaanza kurusha matangazo Tanzania Bara, baa zikafunga luninga juu ya kaunta. Ghafla kila baa ina bia. Sasa zinashindania nini? Zinashindania mteja.

Na silaha waliyochagua wenye baa wengi ilikuwa moja: dada mhudumu. Baamedi. Msichana mara nyingi katoka kijijini, wilaya nyingine au mkoa mwingine, hana ndugu pale mjini. Anaambiwa avae vizuri, acheke na wateja, asiwajibu vibaya hata wakimshika. Mteja aliyekuwa anaomba bia mwaka 1983 sasa anapiga meza na kuita "wewe!"

Mama mdogo amefanya kazi hiyo miaka tisa. Nilimuomba anieleze kazi yenyewe inavyokwenda, maana sisi tunaona trei tu.

Iko hivi. Kwenye baa nyingi, mhudumu akichukua bia kaunta, kaunta inamuandika yeye. Wewe hudaiwi na baa, anadaiwa yeye. Usiku wa manane wanapiga hesabu. Bia ishirini zimetoka kwa jina lake, hela ya bia ishirini inatakiwa. Ukikimbia, pengo ni lake. Ukivunja glasi, lake. Noti ya bandia, lake. Umemwita ukabishana "sijanywa tano, nimekunywa nne", ndiyo maana chupa tupu na vizibo vinaachwa mezani, ni ushahidi wake.

Nikamuuliza pia upande wa pili, maana na sisi wateja tunapigwa. "Mbona bia zinachomekwa kwenye bili?" Hakukataa. Akasema wapo wanaofanya, na wapo wanaosema hawana chenji makusudi. Halafu akaniambia, "Mwanangu, mwingine anaiba kwa tabia. Mwingine jana alikimbiwa na meza ya watu wanne, leo anatafuta pa kuziba." Nilikaa kimya. Meza ya watu wanne!

Hapo ndipo nikaona mnyororo wote. Mimi nakimbia bili leo. Dada anakatwa. Kesho anakuchomekea wewe bia moja usiyoinywa. Wewe unaandika mtandaoni kwamba Singida huduma ni mbovu. Na mwenye baa hajapoteza hata senti.

LAMI NA DAKIKA KUMI

Zamani kidogo, mtu wa Dar akitaka kwenda Mwanza kwa basi, wengi walizungukia Namanga, Nairobi, wakarudi kuingia Tanzania kwa Sirari. Unapita nchi nyingine ili ufike kwenu! Barabara ya kati ilikuwa vumbi, matope, na mlima Sekenke pale Iramba ulikuwa unatisha. Miaka ya 2000 lami ikaanza kuunganishwa, Singida ikawa njia kuu ya magari ya Kanda ya Ziwa, Rwanda na Burundi.

Hoteli za njiani zikaota. Mnaijua ile sauti ya konda: "Dakika kumi! Chakula na kuchimba dawa, dakika kumi!" Watu sitini wanashuka mbio. Chipsi kuku tayari ziko kwenye vifungashio, bei ni ya mtu ambaye harudi. Ukilalamika honi inapigwa. Ni Saranda ileile, imehamia barabarani, tofauti ni kwamba sasa anayekimbia na haraka ni mteja na anayetulia ni muuzaji.

Kuku wetu wa kienyeji wakapata jina nchi nzima. Matenga yanapakiwa yanakwenda Dar. Mwaka 2017 Singida United iliporudi Ligi Kuu, siku ya mechi Namfua mji ulijaa wageni, na kila mgeni swali lake ni moja: "Kuku wazuri wako wapi?" Mwaka huohuo, tarehe 1 Machi, viroba vikapigwa marufuku, zile pombe za pakiti zilizomaliza vijana wengi wa vijiweni. Mwaka 2019, tarehe 1 Juni, ikawa zamu ya mifuko ya plastiki, kuku wa kubeba akaanza kufungwa kwenye karatasi.

Na hela nayo ikabadilika. M-Pesa ilikuja 2008, leo kila meza ina karatasi ya lipa namba. Mashine za risiti za EFD zimekuwepo tangu 2010. Kwa haya mawili, deni limeanza kupata uso tena. Jina lako linatokea kwenye simu ya mwenye baa. Bibi yangu angeipenda lipa namba.

SHERIA AMBAYO HATUAMBIWI

Nilipoanza kusoma mambo haya nilikutana na kitu kilichonishtua. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inazungumzia makato ya mshahara. Bosi hawezi kuamka tu na kukata kufidia hasara. Lazima hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa la mfanyakazi mwenyewe. Lazima apewe maelezo kwa maandishi na nafasi ya kujitetea. Kiasi kisizidi hasara halisi. Na makato yasizidi robo ya mshahara.

Soma tena hapo: kwa kosa la mfanyakazi. Mimi nikikimbia, kosa ni langu au la dada?

Kima cha chini nacho kipo. Amri ya mshahara ya mwaka 2013 iliweka shilingi 130,000 kwa mwezi kwa wafanyakazi wa migahawa, gesti na baa, na baadaye viwango vimepandishwa. Mama mdogo alipoanza hakuwa na mkataba. Alikuwa anapewa chini ya nusu ya hiyo, na chumba cha kulala wasichana watano. Nilipomsomea kile kifungu cha robo ya mshahara alicheka kwanza. Halafu akanyamaza. Halafu akasema, "Kumbe ile miezi miwili walinidhulumu."

Miezi miwili alifanya kazi bure kwa ajili ya watu kama mimi.

DENI LANGU

Mwaka jana nilirudi kwenye ile baa. Imepakwa rangi mpya, kuna skrini kubwa na DJ wa Ijumaa. Nilikuwa na hela ya kuku mmoja, bia tisa na soda mbili kwa bei ya sasa, nimeweka kwenye bahasha. Nikamuulizia yule dada. Jina lake sikuwahi kulijua, nikaeleza sura tu. Mpishi wa jikoni, mtu mzima, akamkumbuka. Akasema aliondoka zamani, alikuwa anakatwakatwa hela, akachoka. Wengine wanasema yuko Itigi, wengine Dodoma.

Nikataka kumuachia bahasha mhudumu wa zamu. Akakataa. Akasema, "Kaka, hiyo siyo yangu. Nikipokea nitakuwa nimemla mwenzangu." Nilitoka na bahasha yangu. Ipo mpaka leo kwenye droo.

Bibi alisema zamani mtu hakukimbia kwa sababu kesho atapita hapohapo. Mji umekuwa mkubwa, tunaweza kukimbia na tusionane tena. Sasa sijui tumepata uhuru au tumepata hasara.

Kwa hiyo wadau, mkitoka wikiendi hii nawaomba machache tu. Kabla ya kuagiza, hesabuni hela iliyoko mezani. Ukilipa, dai risiti, itakulinda wewe na yeye. Bili ikizidi, muulize kwa upole na muhesabu vizibo pamoja. Chenji ndogo muachie, ila usimshike. Na kama ni mwenye baa unasoma hapa, wakati ujao mteja akikimbia, kumbuka ile robo na yale maandishi.

Na wewe dada, kama uko Itigi au Dodoma na unasoma: kuku mmoja, bia tisa, soda mbili, meza ya pembeni karibu na ukuta. Nitumie ujumbe unitajie soda zilikuwa za rangi gani, nitajua ni wewe. Bahasha yako ipo.

Wengine tupeane stori hapo chini. Uliwahi kukimbia bili, au uliwahi kukimbiwa? Majina ya watu na ya baa msiweke.